Mama Arshitekti, Aliyepima kwa Maharagwe

Watu wa Masisi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, walidhani anachora nyumba. Karatasi yake ya kazi iliandikwa kwa Kifaransa kwamba yeye ni arshitekti, yaani msanifu, wa mifumo ya kompyuta, na dereva wetu, aliyekuwa wa kwanza kuisoma kwa sauti, alisimama kwenye neno la kwanza. Tangu siku hiyo akawa Mama Arshitekti, kuanzia Goma mpaka ndani ya msitu wa Walikale. Siku moja kule Nyamitaba mzee wa kanisa alimwomba awachoree kanisa jipya kwa kuwa la zamani lilikuwa linawavujia waimbaji. Nilingoja amweleze kwamba amekosea mtu. Hakumweleza. Aliketi naye kwenye benchi akamuuliza maswali: Jumapili ya kawaida wanakuja watu wangapi, na Krismasi je? Upepo unatoka upande gani? Bati likichomoka nani anapanda kulirudisha, na huyo akihama, wa pili wake ni nani? Asubuhi yote ikaisha hivyo. Mwishoni alichora mstatili wenye mlango upande wa bonde, akampa mzee, tukaondoka.

Ndani ya gari akaniambia, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo "njo" ni "ndiyo", "Njo kazi ileile. Tofauti iko kwa bati tu."

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa. Ukimsalimia asubuhi, "Mama, habari?" alijibu, "Nachoka, lakini niko." Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka tangu siku niliyomjua, na nadhani hata kabla ya hapo. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo, anayepanda vilima vya Masisi polepole bila kusimama, huku sisi vijana tukikimbia mbele na kumngoja tukihema.

Kazi yetu ilikuwa kufuata wagonjwa wa kifua kikuu. Kwetu mgonjwa hakai mahali pamoja. Anaanza dawa karibu na Rubaya, ambako anabeba mifuko ya koltani, madini ya huko, mgongoni, halafu anasikia kwamba kuna kazi kwenye machimbo ya Bisie, upande wa Walikale, anaondoka. Au vita inafika na kijiji kizima kinaondoka kwa siku moja. Dawa za kifua zinamezwa miezi mingi bila kukatiza. Muuguzi wa kituo kipya anapaswa kujua kama huyu aliyesimama mbele yake alikwisha kuanza, anameza nini, na kama ugonjwa wake ni ule wa kawaida au ule unaoshinda dawa za kawaida. Programu yetu ilitengenezwa ili imjibu muuguzi huyo. Mengine yote, ramani za rangi na ripoti za wafadhili, Mama Arshitekti aliyaita mapambo.

Lakini kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, kulikuwa na swali la umbo. Mafaili ya wagonjwa yakae wapi? Yakae yote kwenye seva moja Goma, na vituo viyaone kwa njia ya mtandao? Au kila kituo kiwe na kompyuta yake ndogo yenye nakala ya mafaili yote, na nakala hizo zipatane kila mtandao unapopatikana, au kila mmoja wetu anapopita na diski mfukoni? Au tubaki na daftari, tuongeze tu ujumbe wa simu? Ukikosea hapo, kila utakachojenga juu yake kitakuwa kimekosewa, na kukibomoa ni kazi ya mwaka.

Sisi vijana tulikuwa na jibu kabla ya swali. Mimi hasa. Nilikuwa nimesoma maumbo ya kisasa na nilipenda kilichokuwa kipya. Mama Arshitekti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, unapenda. Sasa tutafute sababu."

Njia yake ilikuwa jedwali. Maumbo yaliandikwa juu, vigezo pembeni: mtandao, umeme, usiri, nani atakitengeneza kikiharibika, na kadhalika. Kila kigezo kilipewa uzito wake. Kila umbo lilipewa alama, moja mpaka tano, kwa kila kigezo. Unazidisha, unajumlisha, unaona lipi limeshinda. Mtoto wa shule anaweza. Ugumu ulikuwa katika utaratibu aliotulazimisha kuufuata. Uzito uliwekwa kwanza, ukafungwa ndani ya bahasha, ndipo alama zikaruhusiwa kutajwa. "Mukianza na alama," alisema, "mutarudi kuvuta uzito mpaka kile kyenye munapenda kishinde. Najua. Mimi mwenyewe nilifanyaka hivyo."

Na uzito haukuwa wetu kuuweka. Ulikuwa wa wauguzi. Aliwaita Masisi kutoka vituo vyote, akaweka mezani karatasi zenye vigezo, akampa kila mmoja maharagwe ishirini. Weka mengi kwenye kinachokuumiza sana, machache kwenye kinachokuumiza kidogo. Meneja wetu, kijana wa Goma mwenye viatu vyeupe, aliona aibu. Alisema kuna programu nzuri za kupigia kura. Mama Arshitekti akamjibu kwamba haragwe mtu analishika, na akitaka kulirudisha, wote wanamwona akilirudisha.

Katika mkutano wa kwanza muuguzi mmoja hakuweka hata haragwe moja. Alikuwa mama wa kituo cha juu kabisa, kule ambako gari halifiki. Maharagwe yake yalibaki kwenye kitenge, mapajani.

"Mama, juu ya nini hauweke?" Mama Arshitekti akamuuliza sababu.

"Kyenye natafuta haiko hapa."

"Ni nini?"

"Nikikimbia, nitabeba nini?" Alisema bila kupaza sauti. "Mara ya mwisho nilikuwa na mutoto mu mugongo na kitabu ya bagonjwa mu mukono. Sasa munataka kunipa masini, na batri yake iko nzito sawa jiwe. Nikisikia masasi, niache mutoto ao niache masini?"

Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, akasema tuongeze kigezo cha uzito wa vifaa na wote wakipigie kura. Mama Arshitekti alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hapana," akasema. "Hii haihesabiwe. Tukiihesabu, bale benye kukaa karibu na barabara batamushinda, na batakuwa wengi kumupita."

Akaandika juu ya jedwali, kabla ya vigezo vyote, kwamba umbo lolote ambalo vifaa vyake haviingii kwenye mfuko mmoja, unaobebwa na mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni, halipimwi. Umbo tulilolipenda zaidi, lenye betri kubwa ya jua, likatoka palepale. Siku nzima ya hesabu zetu za betri ikatupwa. Yule mama muuguzi ndipo akayachukua maharagwe yake, akaanza kuyapanga kwenye karatasi moja moja, kama mtu anayepanda.

Alikuwa na neno lake jingine: "Tikisa." Umbo likishinda, hakufurahi. Aliongeza kidogo uzito wa kigezo kimoja, akapunguza wa kingine, akajumlisha tena. Kama mshindi alianguka kwa mtikiso mdogo, aliandika chini ya ukurasa, kwa mwandiko wake unaolala upande: hatujui bado. Aliandika hivyo hata katika ripoti za wafadhili. Meneja alikuwa anaumwa kichwa kila alipoliona. "Mama, hatuwezi kuwapelekea 'hatujui bado'." Naye anamwuliza, "Sasa unataka tujue kwa nguvu?"

Na kila uamuzi ulikuwa na karatasi yake moja, si zaidi. Tumechagua nini. Tumeacha nini. Nani alikuwa chumbani. Nini kitatufanya tubadili. Alituambia kwamba mtu atakayekuja baada yetu hataona hoja zetu, ataona programu tu, na atadhani tulikuwa wajinga au tulikuwa na akili sana.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu wa majedwali. Pikipiki aliichagua kwa viatu. Tukifika mahali barabara inapolishinda gari, alipita mbele ya madereva wa moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, akiangalia miguu yao, akamnyooshea kidole mmoja: "Wewe." Nilipomuuliza vigezo vyake aliniambia kwamba mwenye viatu vilivyofungwa vizuri anapenda kurudi nyumbani. Mmoja wa hao wenye viatu vizuri alimwangusha kwenye tope njiani kwenda Walikale, na miwani ikavunjika. Alirudi kwa pikipiki ya huyohuyo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alikunywa chai yenye vijiko vinne, akitazama pembeni anapokoroga kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. Aliomba kabla ya kila mkutano, maombi mafupi, lakini mtu akisema Mungu atasaidia rezo, yaani mtandao, alikasirika: "Andika moja. Akisaidia, tutabadilisha."

Na alikuwa mkali. Kijana mmoja wa timu yetu, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliwahi kutoa alama ya tatu kwa sababu hakujua atoe ngapi. "Tatu ya nini?" Mama Arshitekti akauliza mbele ya wote. "Tatu ya kujua ao tatu ya uvivu?" Hakumwacha mpaka yule kijana akatoka nje, macho yamejaa machozi. Wiki iliyofuata Mama alishuka nyumbani kwake na kuku mkononi, kwa sababu mke wake alikuwa amejifungua. Hakuomba msamaha. Alikaa, akambeba mtoto, akaenda zake.

Mimi hakunikaripia hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa hodari.

Mwaka ule tulipotakiwa kuupeleka mfumo, ambao Masisi ulikuwa wa nakala za vituoni, mpaka Walikale, macho yake yaliharibika kwa ajili ya sukari, akalazwa Goma majuma kadhaa. Wafadhili walitaka uamuzi haraka. Wauguzi wa msituni walikuwa wamekwisha kuweka maharagwe yao, bahasha ilikuwa imefungwa. Zilibaki alama. Meneja akaniita, akaniambia, "Wewe njo mwanafunzi wake. Maliza."

Nilikwenda Walikale wiki moja. Bahati ilitaka kwamba wiki hiyo jenereta ya antena ilikuwa na mafuta na mbingu ilikuwa wazi. Nikiwa kwenye kituo kimoja katikati ya msitu, nilimpigia mchumba wangu simu ya video nikamwonyesha miti. Muuguzi wa hapo, baba mmoja mpole aliyezoea kuongea na watu huku anahesabu vidonge, alicheka.

"Kaka, hii wiki una chance," akasema. "Kawaida tunapandaka mulima ule kutafuta rezo, na tunashuka bila."

Nilimsikia. Ninaandika hili ili asije mtu kunitetea kwamba sikujua. Nilimsikia vizuri.

Goma, nilikaa na jedwali. Kwenye mstari wa mtandao, alama ya haki kwa seva ya Goma ilikuwa moja. Nikiwa na huruma, mbili. Nilijaribu kwanza pembeni, kwenye karatasi nyingine: nikiweka moja, nakala za vituoni zinashinda kwa mbali, nikiweka mbili, tatu, bado zinashinda, nikiweka nne, seva ya Goma inapita kwa unywele. Nikaweka nne. Sikutikisa.

Kwa nini? Seva ya Goma lilikuwa umbo nililolisomea, na ningekuwa mkubwa wake. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka. Umbo la nakala lilitaka mtu azunguke na diski kwenye tope lile, mwezi hata mwezi, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilitaka kukaa ofisini, nione kila kituo kwenye kioo kimoja.

Mama Arshitekti alirudi kazini akiwa na bandeji kwenye jicho la kushoto. Nilimwekea ukurasa mezani. Aliuinua mpaka karibu na pua, akasoma polepole, mstari kwa mstari. Kidole chake kikasimama kwenye ile nne.

"Hii ine ilitoka wapi?"

"Nilifika, Mama. Rezo iko. Hata video ilipita."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Sikuweza kujua anaona kiasi gani. Kisha akaomba kalamu, akasaini. Nilitoka chumbani nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri, na nilisifiwa. Kisha mapigano yakafunga barabara, mafuta ya antena hayakufika, na mtandao wa upande ule ukazimika. Si siku mbili. Majuma kwa majuma.

Wakati huo mchimbaji mmoja alifika kwenye kituo cha yule baba mpole. Alikuwa ametoka Masisi kwa miguu na kwa malori, akitafuta kazi pembeni mwa Bisie pamoja na wengine wanaochokora kando. Alikuwa anakohoa. Alikuwa na kikaratasi chetu kwenye mfuko wa plastiki, chenye namba, kwa kuwa katika mfumo wetu mgonjwa alikuwa namba, ili orodha ikianguka mikononi mwa watu wabaya isiwataje watu. Muuguzi akaandika ile namba kwenye kompyuta. Alama ya kungoja ikazunguka. Akangoja mpaka betri ikaisha. Kesho yake akajaribu tena. Akamuuliza mgonjwa alikuwa anameza nini kule Masisi. Akajibu, vidonge vingi. Vya rangi gani? Vingine vyeupe. Basi muuguzi akampa alichokuwa nacho, dawa za kawaida, akaandika namba yake kwenye daftari, akamwambia arudi.

Faili lake lilikuwa Goma, kwenye seva yangu. Lilisema kwamba kifua cha mtu huyu kimeshinda dawa za kawaida, apewe zile nyingine. Lilisema hivyo kwa herufi nyekundu. Rangi niliichagua mimi. Mtandao uliporudi, muuguzi aliliona, akatuma watu wamtafute. Walimkuta hai. Walimbeba kwenye tipoyi, kitanda cha miti, kupitia msituni kuelekea hospitali, na siku ya pili ya safari akafa njiani.

Katika mkutano meneja alisema ni tatizo la mtandao. Ripoti ikaandika hali ya usalama. Yote mawili yalikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimekaa mkono wa kuume wa Mama Arshitekti, na nilingoja aseme ile nne. Hakusema. Alikuwa amekunja mikono juu ya meza. Baada ya mkutano alituambia tunabadilisha, kila kituo cha Walikale kiwe na nakala yake, na tukabadilisha katika majuma matatu, bila maharagwe, bila bahasha. Nilipomuuliza kama tuandae jedwali alijibu, "La kupima nini?" Nilizunguka na diski kwenye tope, mwezi hata mwezi, na kila kituo nilichofika wauguzi walinishukuru.

Miezi michache baadaye aliacha kazi. Macho, alisema.

Mwaka jana nilimfuata. Alikuwa anakaa kwa mdogo wake, juu kidogo ya Masisi, nyumba ya mbao yenye ng'ombe wawili nyuma. Nilifika mchana, mvua inaanza. Alikuwa ameketi mlangoni na redio ndogo sikioni. Aliponisikia aliizima.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Ba 'mimi' iko mingi. Nani?"

Nikajitaja. Akaguna, akasogea kwenye benchi ili nipate nafasi. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakunifuata. Mdogo wake alileta chai. Yake haikuwa na sukari, sasa kulikuwa na mtu wa kumwekea kikombe. Tukaongea habari za kazi: nani ameolewa, nani amekimbilia Uganda, mfadhili gani ameondoka na mwingine amekuja na mfumo wake mpya anataka tuanze upya. Alicheka kidogo kwa hilo, cheko la mtu asiye na nguvu ya kucheka. Mvua ikanyesha kabisa. Nikasema nilichokuja kusema.

"Mama, ile ine ya rezo ya Walikale. Niliiweka mimi. Nilijua haiko ine."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilifanyaka kazi Walikale mbele wewe ukuje, unazani sijue rezo ya kule?"

"Sasa juu ya nini ulisaini?"

Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya nyumba, mdogo wake akamwita kwa Kihunde.

"Nilikuwa nachoka," akasema. "Jicho ilikuwa inauma. Nilikuwa nataka kurudi kulala. Nikajisemea, miaka yote niko nabishana na bantu, leo nisibishane. Leo tu. Acha mutoto apate yake." Akageuza kikombe mikononi. "Njo ile leo."

Nikasema, nikidhani ninampunguzia, "Basi tuko wawili, Mama."

"Usigawanye," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia ule ukali aliokuwa akiwapa wengine. "Haigawanyike. Yako iko yote. Yangu pia iko yote."

Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Namba yake ilikuwa..."

"Sikuulize namba."

Niliijua namba kwa kichwa; ninaijua mpaka leo. Sikujua jina. Lilibaki kwenye daftari la kituo chake cha kwanza, na mimi nilipita kwenye kituo hicho mara nyingi na diski yangu, sikulifungua lile daftari.

"Mimi nalijua," akasema. "Mbele macho iishe kabisa, nilienda kwa dada yake. Nilipanda moto siku mbili. Nilifika, nikakaa, akanipa chakula, nikakula. Nikamuambia ni rezo." Akarudia, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nilitoka hapa mpaka kule kwenda kumuambia ni rezo."

Mvua ilipiga bati. Nikamwomba anipe jina, nikamtafute huyo dada.

"Hapana. Nitakupa fasi yenye anakaa. Jina atakupa yeye, kama anataka. Kama hataki, utarudi bila."

Nilikwenda. Barabara ilinichukua siku tatu, moja kati ya hizo nikiwa nimekaa kando ya daraja lililovunjika. Ni kijiji cha njiani, upande wa Walikale, na yule dada anauza chikwange karibu na soko. Nilimkuta anafunga mihogo iliyotwangwa kwenye majani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda mdogo kidogo. Nilimwambia mimi ni nani, kisha nikamweleza.

"Sema tena," akasema, "na usiseme Kifaransa."

Nikasema tena. Nilisema kwamba karatasi iliuliza kama mtandao ni mzuri hapa kwenu, na nilijua si mzuri, nikaandika kwamba ni mzuri. Kwa sababu hiyo faili la kaka yake liliwekwa mbali, muuguzi hakuweza kulisoma.

Mikono yake haikusimama. Alifunga moja, akaiweka, akachukua jani lingine.

"Na wewe ulipata nini?"

"Kazi ya kukaa," nikasema. "Sikutaka kutembea tena."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia bei. Tukakaa. Watu walikuja wakanunua wakaenda, yeye akiwasalimia wote kwa sauti ileile. Jua lilipita upande wa pili wa paa. Hatimaye nikasimama, nikamwambia naenda.

"Sina kitu ya kukuambia," akasema. Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliposema, "Janvier."

Nikasimama.

"Alikuwa anaitwa Janvier, sawa mwezi wa kwanza. Alizaliwa mwezi wa saba. Papa alipenda tu ile jina." Akarudi kwenye majani yake.

Mtandao haukuwepo kijijini. Nilipanda kilima walichonionyesha, nikakuta watu wengine watatu wameinua simu zao, na baada ya muda simu yangu ikashika. Mdogo wa Mama Arshitekti alipokea, akampelekea. Nilisikia pumzi yake kabla hajasema.

"Mama, nimetoka kwa dada yake. Anaitwa Janvier."

Nikaibana simu sikioni.

"Alizaliwa mwezi gani?" akauliza.

"Mwezi wa saba."

"Aya," akasema. "Amekuambia yeye."